Elimu ya afya vyuoni na kazi ya mwelimishaji rika

SAA 72. Huo ndio muda alio nao mtu aliyebakwa, au aliyepasukiwa na kondomu akiwa na mwenzi ambaye hali yake haijui, kuanza kumeza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visijikite mwilini. Dawa hizo, ambazo wengi huziita PEP, humezwa kwa siku 28 mfululizo na hufaa zaidi zikianzwa mapema. Hata saa chache huleta tofauti. Siku tatu zikishapita, daktari hawezi tena kumwandikia.

Mchukue basi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha umma hapa nchini. Aghalabu amekwisha kufunzwa, au atafunzwa muhula ujao, somo la lazima kuhusu Ukimwi. Ataandika mtihani, ataeleza jinsi virusi vinavyoshambulia chembe nyeupe za damu, na huenda akatuzwa alama ya juu. Lakini jambo lenyewe likimsibu Ijumaa usiku, mhadhiri hayupo, na zahanati ya chuo imefungwa au yeye mwenyewe anaona haya kuonekana akiingia humo. Mlango atakaoubisha ni wa jirani yake bwenini. Jirani huyo akijua la kufanya, Jumamosi asubuhi watakuwa pamoja hospitalini. Asipojua, wikendi itapita kwa kilio, minong'ono na ushauri wa kuokoteza mitandaoni, na kufikia Jumatatu usiku saa zitakuwa zimekwisha.

Jirani huyo akipewa mafunzo huitwa mwelimishaji rika. Makala haya yanaeleza alikotoka, kozi za elimu ya afya zinazopatikana vyuoni, kazi anayoifanya na mipaka yake, pamoja na nafasi zilizopo kwa mwanafunzi anayetaka kuwatetea wenzake kiafya bila kulazimika kuwa daktari.

Chimbuko lake

Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kiliripotiwa mnamo 1984, mwaka uo huo ambao Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa. Hata hivyo, mpango wa kuwafunza wanafunzi wawashauri wanafunzi wenzao haukuanza kwa hofu ya Ukimwi pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikisaidiwa na shirika la Pathfinder International kilianzisha huduma ya ushauri na uzazi wa mpango kwa wanafunzi, na baadhi yao wakafunzwa kuifikisha huduma hiyo mabwenini. Kilichokuwa kikiwasumbua wasimamizi wakati huo ni wasichana walioacha masomo kwa sababu ya mimba ambazo hawakuzipanga.

Kisha likaja lile wimbi la miaka ya 1990. Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na Baraza la Kitaifa la Kudhibiti Ukimwi likaundwa. (Baraza hilo mnamo 2022 lilipewa jina jipya na majukumu mapana zaidi, yakiwemo kifua kikuu na malaria.) Vituo vya ushauri na upimaji wa hiari vilianza kuenea kuanzia 2001. Mwaka uliofuata, 2002, mpango wa I Choose Life ulianzia katika Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kusambaa katika vyuo vingine. Wanafunzi wengi waliosoma mwongo huo hawajawasahau waelimishaji rika wake waliokuwa wakizunguka mabewani.

Sheria ilifuata baadaye. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Virusi vya Ukimwi ya 2006 inaitaka serikali kuhakikisha kwamba elimu kuhusu virusi hivyo inatolewa katika shule na vyuo, vya umma na vya kibinafsi. Sheria iyo hiyo inapiga marufuku kumlazimisha mtu apimwe ndipo apate nafasi ya masomo. Wako wanafunzi wengi ambao hawana habari na kifungu hicho cha pili, ilhali ndicho kinachowalinda.

Inafaa kusema wazi kwamba mafunzo ya awali yalikuwa na kasoro kubwa. Mabango ya miaka ya 1990 yalitegemea kutisha: mafuvu, majeneza, wagonjwa waliobaki mifupa mitupu. Hofu iliwafanya watu wawakwepe wagonjwa badala ya kukwepa maambukizi. Mwanafunzi aliyekuwa na virusi alijifunza jambo moja tu kutokana na mabango hayo, nalo ni kunyamaza. Waelimishaji rika walipoingia mabwenini kwa mazungumzo badala ya vitisho, walikuwa wakifuata njia nyingine kabisa. Njia hiyo haikuwa ngeni hapa nchini, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 Anne Hope na Sally Timmel walikuwa wakiendesha Kenya mafunzo ya kijamii yaliyojengwa juu ya fikra za Paulo Freire wa Brazil. Mwalimu wa aina hiyo huanza kwa kuuliza watu wanajua nini na wanasumbuliwa na nini, kisha hujenga somo juu ya majibu yao.

Kozi zilizopo

Mtu akisema anasomea "elimu ya afya" chuoni, huenda anamaanisha mojawapo ya mambo matatu yaliyo tofauti sana, na kuyachanganya kumewagharimu wengi karo na miaka.

La kwanza ni somo la lazima ambalo vyuo vingi humfunza kila mwanafunzi, awe anasomea uhandisi au ushairi. Somo hili halimpi mtu taaluma. Humpa maarifa ya msingi, na katika vyuo vingi hufunzwa katika kumbi zenye mamia ya wanafunzi, ambamo swali la siri haliwezi kuulizwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kosa kubwa la somo hilo ni kutahiniwa kana kwamba ni Biolojia. Mwanafunzi anapaswa kutoka humo akijua kituo kilicho karibu kinachotoa PEP usiku, na jambo hilo kwa kawaida haliulizwi katika mtihani.

La pili ni kozi za taaluma. Hapa ndipo panapohitaji umakini. Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu nchini (KMTC), kilichoanzishwa 1927 na ambacho sasa kina mabewa katika sehemu nyingi za nchi, hutoa mafunzo ya ngazi za cheti na stashahada katika nyanja kama afya ya mazingira, afya ya jamii, lishe na uuguzi. Vyuo vikuu vya Kenyatta, Moi, Maseno na vinginevyo hutoa shahada zinazohusu afya ya umma, huku Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Amref kikiwa kimejikita katika taaluma za afya pekee. Wanaotamani kozi hizi wakiwa bado sekondari wazingatie kwamba alama ya jumla ya KCSE haitoshi. Masomo mahususi huangaliwa, hasa Biolojia, na Kiingereza au Kiswahili. Naam, Kiswahili. Wapo waliokipuuza kwa kudhani hakihusiani na udaktari, wakaja kujuta.

Kabla ya kulipa karo, mzazi na mwanafunzi wafanye mambo mawili. Kwanza wathibitishe kwamba chuo chenyewe kimeidhinishwa: vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), na vyuo vya kiufundi na Mamlaka ya TVETA. Lakini idhini hiyo haitoshi kwa kozi za afya. Taaluma nyingi za afya zina baraza lake linalosajili wahitimu, na mhitimu ambaye kozi yake haitambuliwi na baraza hawezi kupata leseni hata akiwa na cheti kilichopigwa mhuri na kuwekewa fremu. Maafisa wa afya ya umma wana baraza lao chini ya sheria ya 2013, wataalamu wa lishe wana taasisi yao chini ya sheria ya 2007, na washauri nasaha na wanasaikolojia wana sheria yao ya 2014. Uliza jina la baraza husika, kisha uliulize baraza lenyewe. Usimuulize karani wa usajili wa chuo kinachokuuzia kozi.

Katika kozi hizi, sifa moja ya kutafuta ni muda ambao mwanafunzi hukaa nyanjani. Kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa na mpango unaojulikana kama COBES tangu kilipoanza kufunza, ambapo wanafunzi hupelekwa katika vituo vya afya vijijini na kukaa huko kwa wiki kadhaa wakichunguza matatizo ya jamii na kuwahudumia watu. Anayejifunza elimu ya afya darasani pekee hujua kuandaa bango. Aliyekaa kijijini hujua ni kwa nini bango hilo halikusomwa. Wanafunzi wanaokwenda nyanjani wakumbuke pia kujikinga wenyewe: chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu kwa kipindi cha miezi sita, na haifai kungojea hadi siku ya kwanza ya wodi.

La tatu ni mafunzo mafupi ya kumwandaa mwelimishaji rika. Haya hayahitaji alama yoyote ya sayansi. Huendeshwa na afisi ya msimamizi wa wanafunzi, idara ya ushauri nasaha, au mashirika yanayoshirikiana na chuo, kwa kawaida wikendi au wakati wa likizo. Cheti chake si leseni ya kazi, na anayekiuza kama leseni ni tapeli.

Anachokifanya

Kazi ya mwelimishaji rika ni kumpeleka mwenzake kwa anayeweza kumsaidia, mapema iwezekanavyo na bila kumwaibisha. Mengine yote ni matayarisho ya kazi hiyo.

Tuanze na lugha. Mihadhara huwa kwa Kiingereza. Bwenini huzungumzwa Sheng. Nyumbani alikotoka mwanafunzi huenda magonjwa haya yana majina ya kilugha yasiyotamkwa mbele ya mama. Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kuandika kurasa mbili za Kiingereza kuhusu magonjwa ya zinaa, kisha akashindwa kumweleza muuguzi kwamba anatokwa na usaha akienda haja ndogo. Kisonono na kaswende ni maneno safi ya Kiswahili, lakini katika midomo ya vijana wengi yamegeuka matusi. Mwelimishaji bora ni yule anayeweza kulitaja jambo kwa lugha ya aliyeketi mbele yake bila kucheka na bila kufoka.

Hali kadhalika lazima azijue imani potovu zinazozunguka bewani. Maarufu zaidi ni ile ya vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo wanafunzi huviita P2. Vidonge hivi hufaa vikimezwa mapema, na uwezo wake hupungua siku zinavyosonga. Havizuii Ukimwi wala ugonjwa wowote wa zinaa, na havikutengenezwa viwe njia ya kila wiki ya kupanga uzazi. Msichana anayevinunua kila Jumamosi katika duka la dawa anahitaji njia nyingine, na mwelimishaji anapaswa kumwelekeza kwenye kliniki itakayompa. Vijana wengine hujipima virusi vya Ukimwi kwa kifaa cha mate asubuhi baada ya tendo, wakaona mstari mmoja na kushusha pumzi. Kipimo hicho hakiwezi kuonyesha maambukizi ya jana. Huchukua wiki kadhaa, na hata miezi mitatu, kabla ya matokeo kuaminika kikamilifu. Aliye katika hatari ya mara kwa mara aelezwe kuhusu dawa za kumezwa kabla, ziitwazo PrEP, ambazo Kenya ilianza kuzisambaza kitaifa mnamo 2017.

Kwa aliyebakwa, mambo ni ya haraka na yana mpangilio. Asioge. Nguo alizokuwa amevaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi, kwa maana plastiki huharibu ushahidi. Aende hospitalini kwanza. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka msingi wa kumtibu mwathiriwa bila malipo. Nambari 1195 ya kuripoti dhuluma za kijinsia hupigwa bila malipo. Mwelimishaji asimhoji kama mpelelezi, asimuulize alivaa nini, na zaidi ya yote asijitie kuwapatanisha. Vikao vya "kumaliza mambo kirafiki" chumbani mwa mwenyekiti fulani vimewaokoa wahalifu wengi kuliko mawakili.

Kuna pia dharura zisizo na siri yoyote lakini ambazo wanafunzi huzikabili kwa ujinga wa kurithi. Mwenye kifafa akianguka, watu hukimbilia kumtia kijiko mdomoni. Wasifanye hivyo. Viondolewe vitu vigumu vilivyo karibu naye, alazwe kwa ubavu mtetemeko ukipungua, na muda uhesabiwe. Ukizidi dakika 5 apelekwe hospitalini. Aliyelewa hadi kupoteza fahamu naye hulazwa kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, wala haachwi peke yake "alale itoke". Na palipo na pombe haramu, ukungu machoni ni ishara ya hatari. Mei 2014 kinywaji kilichotiwa methanoli kiliua watu wengi katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, na kuwapofusha wengine. Dalili za mwanzo hufanana na maumivu ya kichwa ya asubuhi baada ya ulevi, na hapo ndipo wengi hukawia.

Afya ya akili ndiyo sehemu ambayo mzigo wa mwelimishaji umeongezeka zaidi. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015 liliua watu 148, na wengi wa walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi kuendelea na masomo. Washauri wa Shirika la Msalaba Mwekundu na wengineo walifanya kazi kubwa siku zile. Lakini mshauri huondoka jioni, na anayemsikia mwenzake akigutuka usiku wa manane ni aliyelala kitanda cha juu.

Hapa pana woga mmoja unaofaa kuondolewa. Wengi huamini kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua kutampandikizia wazo hilo. Sivyo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kuuliza kwa utulivu hakumsukumi mtu huko. Mara nyingi humpunguzia upweke. Woga wa pili ulikuwa wa kisheria. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini, hivyo rafiki alichelea kwamba akimpeleka mwenzake hospitalini atakuwa amemkabidhi polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwelimishaji akisikia tishio la namna hiyo haachi mtu peke yake, huondoa vilivyo karibu vinavyoweza kudhuru, na humwita mshauri wa chuo au kumpeleka hospitalini. Hajaribu kumtibu kwa maneno matamu hadi alfajiri.

Siri na mipaka yake

Mwelimishaji aliyevujisha siri moja amekwisha. Hakuna atakayembishia tena. Zamani siri ilivujia kantini. Sasa huvujia makundi ya WhatsApp, ambako picha ya ujumbe husafiri hadi nyumbani kwa mhusika kabla ya chakula cha jioni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Aidha, iko mahakama maalumu ya masuala ya Ukimwi iliyoundwa chini ya ile sheria ya 2006, na aliyetangaziwa hali yake bila ridhaa anaweza kupeleka malalamiko huko. Kwa hiyo daftari la mwelimishaji lisiwe na majina. Liwe na tarehe, aina ya tatizo na mahali alikomwelekeza mtu, basi.

Hata hivyo asiahidi siri isiyo na kikomo. Uhai ukiwa hatarini, lazima amwambie msimamizi wake. Vilevile mwanafunzi ambaye hajatimiza miaka 18, na katika mwaka wa kwanza wapo, analindwa na sheria za watoto. Jambo hili lielezwe mwanzoni mwa mazungumzo, kwa upole: "Nitakutunzia siri, ila nikiona maisha yako yako hatarini nitatafuta mtu wa kutusaidia." Wengi huendelea kuzungumza hata baada ya kusikia hivyo.

Na kuna asiyopaswa kufanya hata akibembelezwa. Asitoe dawa, asigawe vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine, asimsomee mtu majibu ya maabara, asikopeshe fedha za kuavya mimba wala za kuzuia isitolewe. Akikutana na jambo linalokinzana na imani yake, anayo haki ya kumwelekeza mtu kwa mwelimishaji mwingine. Hana haki ya kumhubiria.

Nafasi na namna ya kuzipata

Mahali pa kuanzia ni afisi ya msimamizi wa wanafunzi au idara ya ushauri nasaha, hasa wiki za mwanzo wa mwaka wa masomo ambapo vyama huandikisha wanachama. Matawi ya vyuoni ya Shirika la Msalaba Mwekundu hufunza huduma ya kwanza na kuwapa vijana kazi za kujitolea. Wanaosomea udaktari wana chama chao cha kitaifa, MSAKE, chenye kamati zinazoshughulikia afya ya umma na afya ya uzazi. Vyama vya kidini, vikundi vya maigizo na redio za vyuo pia ni majukwaa halisi. Kikundi cha waigizaji kinachosimamisha mchezo pale mgogoro unapokolea, kisha kuwauliza watazamaji mhusika afanye nini, huibua mazungumzo ambayo mhadhara wa saa mbili hauwezi kuyaibua.

Kabla ya kujiunga, uliza maswali. Nani anakisimamia kikundi, na je, ni mtaalamu aliyesajiliwa? Nikikwama saa nane usiku nitampigia nani? Mafunzo ni ya muda gani, na yanarudiwa? Tunakutana lini kuzungumzia yaliyotulemea sisi wenyewe? Kikundi kisicho na jibu la swali la pili kinafaa kuepukwa, hata kikiwa na fulana za kupendeza. Usikubali pia kugeuzwa mgawaji wa vijikaratasi kila siku ya maonyesho ya chuo, bila mafunzo wala msimamizi, kisha ukaitwa mwelimishaji.

Kuhusu malipo, kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya kujitolea. Nauli na chakula cha mchana hutolewa penye wafadhili. Manufaa yake huja kwa njia nyingine: barua ya msimamizi, uzoefu wa kuongoza vikao, na urahisi wa kupata nafasi ya mafunzo ya nyanjani katika idara za afya za kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazoendesha huduma nyingi za afya. Wapo wanaodhani watapanda moja kwa moja kuwa wahudumu wa afya ya jamii, wale 100,000 ambao serikali ilizindua kazi yao Septemba 2023 kwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi. Wahudumu hao huchaguliwa na jamii wanamoishi, kwa hiyo cheti cha bewani pekee hakimpi mtu nafasi hiyo.

Utetezi wa afya hauishii kwenye ushauri wa mtu na mtu. Tuseme, kwa mfano, daftari lile lisilo na majina linaonyesha kwamba mwezi mmoja wanafunzi 11 walikwenda zahanatini baada ya saa kumi na moja jioni na kukuta kufuli. Idadi hiyo ikifikishwa kwa uongozi wa chuo na baraza la wanafunzi, ina uzito kuliko maandamano. Ndivyo zahanati inavyoweza kuongezewa muuguzi wa zamu ya usiku, vyoo vya wasichana vikapata mapipa ya sodo, masanduku ya kondomu yakajazwa, na mlango wa kliniki ukawekewa mteremko wa viti vya magurudumu. Kuna pia kazi ndogo zisizo na fahari lakini zenye faida, kama vile kuwasaidia wenzao kujisajili kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Nani atalipia?

Vikundi vingi vya miaka ya 2000 viliishi kwa fedha za wafadhili wa kigeni waliopambana na Ukimwi. Mradi ulipokwisha, kikundi kilikufa, na kabati la vitabu vya mafunzo likafungiwa katika chumba ambacho ufunguo wake haujulikani uliko. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, miradi ya Ukimwi kote nchini ilitikisika, ikiwemo ile ya vijana. Anayepanga kuanzisha kikundi sasa asihesabu fedha hizo.

Kwa bahati njema, gharama za lazima si kubwa. Kikundi kinahitaji chumba chenye mlango unaofungika, muda wa mshauri mmoja wa chuo kila wiki, simu moja yenye salio, na makubaliano na hospitali iliyo karibu kuhusu nani apokee wanafunzi usiku. Yote haya yanaweza kutoka katika bajeti ya chuo chenyewe. Hoteli ya mafunzo ya siku tano kando ya bahari haimo katika orodha hiyo.

Tatizo gumu zaidi ni la kalenda. Mwelimishaji hukomaa akiwa mwaka wa tatu, kisha huenda nyanjani, kisha huhitimu. Vikundi vinavyodumu humfunza mrithi mapema: mwanafunzi wa mwaka wa pili huambatana na wa tatu kwa muhula mzima, huketi kimya katika mazungumzo pale mhusika anaporidhia, hujifunza njia ya kwenda hospitalini usiku na jina la muuguzi wa zamu. Makabidhiano hufanywa kabla ya mitihani, si baada yake, kwa sababu wiki za mitihani ndizo ambazo milango hubishwa zaidi.